Mti wa Figo na Maji ya Zebaki

Mwaka 1565 tabibu Nicolás Monardes wa Sevilla, ambaye hakuwahi kuvuka bahari bali alizipokea bandarini ajabu za nchi mpya walizoziteka Wahispania, aliandika habari za mti uliotoka Meksiko na kutumiwa kwa maradhi ya figo. Vibanzi vyake vikilowekwa katika maji safi, maji hayo hugeuka samawati. Na kwa kuwa biashara ya dawa haikosi ghushi, Monardes aliwausia wanunuzi kwamba mti usiotoa samawati hiyo si wa kweli. Hapo, kwa nionavyo mimi, ndipo ilipoanza tarehe ya ilimu ya kupima maji kwa mng'aro, ingawa ilianza kinyumenyume: wakati ule maji ndiyo yaliyoujaribu mti, ilhali leo ni rangi itiwayo majini ili iyajaribu maji.

Robert Boyle, Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1664, alieleza jinsi alivyoyatia maji hayo asidi kidogo, samawati ikatoweka, kisha alipotia alkali ikarejea. Na kwa jaribio hilo dogo, lisilohitaji zaidi ya chupa na subira, akawa amedhihirisha kwamba mng'aro unaweza kutoa habari za kitu kilichoyeyuka ndani ya maji pasipo jicho kukiona. Sababu yake ilingoja mpaka mwaka 1852, George Gabriel Stokes wa Cambridge alipobainisha kwamba vimiminika vya namna hiyo humeza nuru tusiyoiona, iliyo nje ya urujuani, kisha huirudisha kwa rangi tuionayo. Mwaka 1867 mkemia wa Uswisi, Friedrich Goppelsroeder, alitumia morini, rangi ya manjano itokayo katika mti uliotumika kutilia nguo rangi, akaona kuwa ikikutana na alumini huwaka kijani. Alumini si metali nzito, lakini njia ilikwishapasuliwa.

Haja yenyewe ya kupima metali nzito majini ilikuja kwa msiba. Katika mji wa Minamata, Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikitengeneza asetaldehidi tangu mwaka 1932, na taka zake zenye zebaki zikimwagwa katika ghuba waliyovulia watu wa pale. Wakaanza paka, wakirukaruka na kupinduka kama waliopagawa, kisha wanadamu: mikono ikatetemeka, macho yakapungukiwa na upeo, ndimi zikawa nzito, na watoto wakazaliwa na madhara hayo hayo. Mwezi Mei 1956 maradhi yakatangazwa rasmi, nayo serikali haikukiri asili yake hata mwaka 1968, mwaka ambao kiwanda kiliacha kazi hiyo. Zebaki iliyoyeyuka majini haijitambulishi kwa rangi, na kadiri inayodhuru ni ndogo mno: Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 6 kwa lita ya maji ya kunywa.

Wakemia waliotaka kuinasa kwa nuru walikumbana na taabu moja, kwamba zebaki, kama metali nyingi nzito, aghalabu huuzima mng'aro badala ya kuuwasha. Na giza ni shahidi dhaifu, maana halisemi ni zebaki, ni shaba au ni tope tu lililoziba nuru. Mwaka 1997 Anthony Czarnik na wenzake, nchini Marekani, waliifunga rodamini, rangi ing'aayo, katika umbo lisilo na rangi wala nuru, ambalo shaba ikilifikia hulifungua likawaka. Na mwaka 2005 wataalamu wa Seoul wakaongeza salfa, ambayo zebaki huivutia kwa nguvu, wakaipata zebaki yenyewe. Kifungo hicho kikishafunguka hakifungiki tena, hivyo kila chembe ya rangi hutoa ushahidi mara moja tu.

Hayo hayako mbali nasi, madhali katika mialo ya kuchenjulia dhahabu ya Geita, Tanzania, wachenjuaji huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa kwa karasha ili inase dhahabu, kisha huichoma, mvuke ukaenda hewani na masalio yakateremka mtoni. Lakini maji ya mto yana udongo, tena yana mabaki ya majani yaliyooza ambayo hung'aa yenyewe chini ya taa ya urujuanimno, na rangi iliyofanya kazi barabara katika maji safi ya maabara huchanganyikiwa humo. Kwa sababu hiyo neno la mwisho lingali la mitambo mikubwa ya maabara, ambayo mchenjuaji wa mwaloni hana njia ya kuifikia.