Mkereza vyuma

Mkereza vyuma ni fundi anayeunda vipuri vya duara kwa mashine ya lethi: chuma hubanwa kwenye taya na kuzungushwa, huku kisu kigumu kikikisogelea na kukinyoa. Nchini Tanzania fani hii hufundishwa katika vyuo vya ufundi stadi vya VETA.

Huko Kewanja, kijiji cha eneo la Nyamongo wilayani Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002, ufundi huu una maana ya pekee, kwa sababu uchimbaji hula vyuma. Mfano mzuri ni shafti ya karasha, mashine ya kusaga mawe. Inapolika pale inapokaa beringi, fundi huijaza kwa kuchomelea, huiacha ipoe, kisha huikereza hadi kipimo chake. Hapo ndipo umahiri huonekana: akizidisha kunyoa kwa sehemu chache za mia za milimita, beringi italegea, na kazi ya kuchomelea itaanza upya.

Kasi nayo huhesabiwa. Chuma laini chenye kipenyo cha milimita 50, kikikatwa kwa mita 30 kwa dakika, huzungushwa takriban mara 190 kwa dakika. Kadiri kipenyo kinavyopungua, mizunguko huongezwa.

Glavu hazivaliwi mashine inapozunguka, kwani huweza kunaswa na kuvuta mkono. Chenga za chuma kilichonyolewa, zenye moto na makali, huondolewa kwa brashi au kulabu baada ya mashine kuzimwa.