Bwawa la Rio na mtaa wa jirani

Wenzangu, wengi wetu tunamjua Yusra Mardini, yule binti wa Syria. Agosti 2015 injini ya mashua yao ilizimika kati ya Uturuki na Ugiriki, akaingia majini na dada yake kuiokoa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 6 Agosti 2016, aliogelea Rio de Janeiro kwenye timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi. Walikuwa 10, wakiwemo wakimbiaji 5 wa Sudan Kusini waliokuwa wakiishi Kenya na wanajudo 2 Wakongomani. Yusra alishinda mchujo wake wa mita 100 mtindo wa kipepeo, ila muda wake haukutosha kusonga mbele.

Sisi tulishangilia. Leo lakini nataka tuongelee lile bwawa lenyewe.

Rio ilipewa michezo Oktoba 2009. Wapangaji walichagua eneo la Barra da Tijuca, palipokuwa na uwanja wa mbio za magari. Kwa kuogelea walisema hivi: watazamaji kama 15,000 watakuja siku chache tu, kwa nini tujenge jumba la kudumu? Basi likajengwa la muda, ukuta wake una matundu ili upepo upite, bila viyoyozi. Michezo ikiisha lifunguliwe, mabwawa yapelekwe kwingine, watu wafaidike. Wazo zuri kabisa.

Kumbe pembeni palikuwa na mtaa, Vila Autódromo, ulioanzishwa na wavuvi. Wakazi walikuwa na karatasi za serikali za kukaa pale. Waliposikia wanahamishwa, walikaa na wataalamu wa vyuo vikuu viwili wakaandika mpango wao, wa kuboresha mtaa bila kumtoa mtu. Mwaka 2013 mpango huo ukapata tuzo. Hata hivyo nyumba zilibomolewa moja moja. Wengine walichukua fidia au nyumba za ghorofa, wengine waligoma. Kati ya familia karibu 600, zilibaki 20 tu, zikajengewa nyumba mpya palepale.

Na bwawa je? Mapema 2017 picha zilionyesha bwawa la mazoezi limejaa maji ya kahawia. Jumba la muda nalo likabaki limesimama kwa miaka. Yaani watu wa kudumu waliondolewa, jengo la muda likabaki.

Yusra hana kosa, na mimi bado najivunia siku ile. Ila sisi pia huwa tunaitwa kwenye mikutano, tunaonyeshwa ramani ya kiwanja au kituo kipya, tunapiga makofi tunarudi nyumbani. Siku nyingine tuulize kwanza: Pale sasa anakaa nani? Sherehe ikiisha atakitunza nani, kwa pesa gani? Na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, yasiishie mdomoni.

Wewe ungeongeza swali gani?