Mito iliyogeuka: Rwizi na Ruzizi

(Muziki unashuka)

MTANGAZAJI: Leo tunaeleza historia ya maji tunayochota kila siku.

Mto Rwizi unaanzia vilima vya Buhweju, unapita mjini Mbarara, kisha unaelekea mashariki kwenye vinamasi na maziwa yetu: Mburo, Nakivale, Kachera na Kijanebalola. Kutoka huko maji huenda Ziwa Victoria, hutokea Jinja kama Nile, na kufika Misri hadi Bahari ya Mediterania.

Zamani sana haikuwa hivyo. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba Kagera, Katonga na sehemu ya Rwizi zilitiririka magharibi. Kisha, miaka laki kadhaa iliyopita, ardhi iliyo kandokando ya Bonde la Ufa ikainuka polepole. Maji hayapandi mlima. Yakasimama, yakajaza mabonde, mwishowe yakarudi mashariki. Ndivyo lilivyopatikana Ziwa Victoria. Hata Ziwa Nakivale ni bonde la mto lililofurika.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Ninyi mliotoka Bukavu, Uvira au Cibitoke mnaujua mto Ruzizi. Nao una historia kama hiyo. Zamani maji ya Ziwa Kivu yalitoka kaskazini, upande wa Nile. Volkeno za Virunga zikaziba njia. Ziwa likajaa, likapata mlango kusini: Ruzizi, hadi Tanganyika, halafu mto Lukuga, mto Kongo na Bahari ya Atlantiki.

Kwa nini tujue haya? Kwa sababu njia ya maji hubadilika, na sisi tunaishi kwenye njia hiyo. Tangu wakimbizi wa kwanza kutoka Rwanda, karibu mwaka 1960, watu wa hapa wanategemea Ziwa Nakivale. Ziwa hili halina kina kirefu, na mafunjo ndiyo chujio lake. Tukiyafyeka na kulima hadi ukingoni, mvua husomba udongo ziwani. Samaki hukosa pa kuzalia, na maji ya bomba huwa magumu kusafisha.

Mama, baba, kijana mwenye shamba karibu na maji: acha mafunjo yasimame, panda mazao juu kidogo. Jerikani ya kesho inategemea hilo.

 

(Muziki wa kufunga)