Mlango Uliorithi Mzigo wa Ukuta

Katika gari zima ni sehemu chache zilizoundwa kwa wepesi kama mlango. Ni bati jembamba lililokunjwa, linaning'inia kwenye bawaba mbili au tatu, na kazi yake ni kufunguka kwa mkono mmoja wa mtu aliyeshika mzigo kwa mkono wa pili. Hata hivyo, kwenye magari ya porini mlango wa nyuma ndio uliotwishwa kitu kizito kuliko karibu vyote ambavyo dereva huvifungua na kuvifunga mwenyewe: tairi la akiba pamoja na rimu yake. Wanaovua matairi ya kiwandani na kuvika makubwa zaidi huyaona matokeo mapema. Mlango unaanza kulegea upande wa kitasa, unahitaji kuinuliwa kidogo ndipo ufungike, kisha nyufa zinatokea kuzunguka bawaba na fundi wa bodi anaitwa na mashine yake ya kuchomelea. Lawama hubebeshwa tairi jipya kwa kuwa limezidi ukubwa. Nadhani lawama hiyo ni nusu ya ukweli. Ukiifuata historia ya magari haya utaona kwamba tairi halikuwekwa mlangoni kwa sababu mlango ulifaa kulibeba. Lilikuwa nyuma ya gari kabla hapajawa na mlango.

Magari ya mwanzo kabisa yaliuzwa bila tairi la akiba. Dereva aliyepata pancha alilivua tairi palepale njiani na kuliziba, kazi ya saa nzima katika vumbi au matope. Mwaka 1904, katika mji wa Llanelli huko Wales, ndugu wawili, Walter na Tom Davies, walitengeneza rimu isiyo na spoki, ikiwa na tairi lililokwisha kujazwa upepo, ambayo ilibanwa kando ya gurudumu lililoharibika ili safari iendelee. Baadaye likaja gurudumu zima la akiba, nalo likatafutiwa mahali: wengine walilifunga ubavuni, wengine kwenye madigadi ya mbele, wengine nyuma ya bodi, kama lilivyokaa kwenye Ford Model A iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1920. Sehemu zote hizo zilikuwa na sifa moja, nayo ni kutosogea. Hakuna aliyelifunga gurudumu kwenye kitu kinachofunguka kila siku.

Gari lililoweka desturi ya kulibeba tairi la akiba nyuma kwenye magari ya porini ni jeep ya jeshi la Marekani, Willys MB ya mwaka 1941, pamoja na pacha wake Ford GPW. Tairi lake la rimu ya inchi 16, lenye kimo cha takriban inchi 28, lilifungwa upande wa kulia wa nyuma, na kando yake likakaa dumu la mafuta. Picha za vita zimeifanya sura hiyo ijulikane dunia nzima. Jambo ambalo picha hazilisemi waziwazi ni kwamba nyuma ya jeep ile hapakuwa na mlango. Palikuwa na ukuta wa bati uliounganishwa na bodi. Askari waliingia kwa kuruka ubavuni. Hata ukuta huo haukuwa na nguvu za kupindukia, kwani kishikio cha tairi kilianza na skrubu mbili, kisha zikaongezwa kuwa tatu. Lakini ukuta ni ukuta, uzito wake unashuka moja kwa moja kwenye sakafu na chesisi.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote ulikuja miaka minne tu baadaye. Mwaka 1945 Willys ilianza kuuza jeep ya raia, CJ-2A, ikiwalenga hasa wakulima. Mkulima anahitaji kupakia magunia na zana, kwa hiyo ukuta wa nyuma ukakatwa na kuwa mlango unaolala chini. Siku walipoutengeneza mlango huo, wahandisi waliliondoa tairi na kulihamishia ubavuni, upande wa kulia. Kampuni ileile iliyolifunga nyuma wakati wa vita ilikataa kulifunga pale mara sehemu ile ilipopata bawaba. Mtu anaweza kusema waliliondoa kwa sababu mlango ule ulifunguka kwenda chini, na tairi lingegonga ardhi. Ni kweli, lakini kuubadili mlango ufunguke kwa pembeni hakukuwa kazi ngumu. Kulihamisha tairi ndiko kulikoonekana jambo la kawaida.

Watengenezaji wengine wa enzi hiyo walifikiri vivyo hivyo. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, tairi lake la akiba lilikaa nyuma ya viti au juu ya boneti, na lile la boneti ndilo lililozoeleka Afrika Mashariki wakati wa ukoloni na baada yake. Suzuki Jimny ya kwanza, LJ10 ya mwaka 1970, ililiweka tairi ndani, nyuma ya kiti, hata ikabaki na nafasi ya watu watatu tu. Sheria ya Japani ya magari madogo ilitaka urefu usiozidi mita 3, na tairi la nje lingeuvunja mpaka huo. Toyota, kwa upande wake, ilipata jibu ambalo hadi leo sioni lililolizidi. Land Cruiser FJ40, iliyotoka mwaka 1960, ililibeba tairi nyuma, lakini kwenye mkono wa chuma wenye bawaba zake zenyewe zilizofungwa kwenye bodi. Ulitaka kufungua mlango, ulizungusha mkono kwanza. Mlango ulibaki kuwa mlango.

Basi tairi liliingia lini mlangoni? Liliingia taratibu, kadiri gari la porini lilivyohama kutoka kwa mkulima na askari kwenda kwa familia ya mjini. Mercedes G ya mwaka 1979 ililibeba mlangoni, Mitsubishi Pajero ikafuata mwaka 1982, Jeep Wrangler ya kwanza mwaka 1986, Land Rover Discovery mwaka 1989. Mnunuzi huyu mpya alitaka viti vya watoto ndani, alitaka kufungua nyuma kwa tendo moja, na alitaka gari lenye sura ya safari hata kama linaishia sokoni. Mlango mmoja wenye tairi mgongoni uliyatimiza yote matatu. Kufikia Toyota RAV4 ya mwaka 1994 na Honda CR-V ya mwaka 1995, tairi la nyuma lilikuwa limegeuka pambo la magari ambayo mengi hayakuwahi kuonja tope. Kwa matairi madogo ya magari hayo, deni la mlango lilikuwa dogo na hakuna aliyelidai.

Kisha matairi yakaanza kukua, na hapa Wrangler inatosha kuwa kipimo. Ile ya 1986 ilivaa tairi la takriban inchi 28, sawa na jeep ya vita. Toleo la Rubicon la mwaka 2003 lilikaribia inchi 31, la mwaka 2007 likafika 32, la 2018 likafika 33, na mwaka 2021 kiwanda chenyewe kikaanza kuuza Wrangler yenye matairi ya inchi 35. Inchi saba zinaonekana chache mpaka upige hesabu ya uzito. Gurudumu la inchi 28 lina kama kilo 25. La inchi 35 lenye upana wa inchi 12 na nusu hufika kilo 45, na rimu ya chuma ikitumika huzidi hapo. Chukua mlango ambao kitovu cha tairi kiko sentimita 60 kutoka kwenye bawaba, na bawaba zenyewe zimeachana sentimita 50 kwenda juu. Gurudumu dogo linaivuta bawaba ya juu kwa nguvu ya kilo 30 na kuisukuma ya chini kwa nguvu hiyohiyo. Gurudumu kubwa linavuta kwa kilo 54. Hiyo ni gari likiwa limesimama. Likidunda shimoni mvuto huongezeka mara mbili au zaidi kwa kitambo kifupi, na kwenye barabara ya changarawe iliyojaa mikunjo tendo hilo hurudiwa maelfu ya mara kwa safari moja. Chuma hakihitaji kuzidiwa mara moja ili kivunjike. Kinachoka kwa kurudiwa. Tena tairi pana husogeza uzito wote nje zaidi ya mlango, kwa hiyo mvuto wa pembeni unaongezwa mvuto wa kwenda nyuma, na ndiyo maana nyufa hutokea kwenye bati lililoshikilia bawaba kabla ya bawaba yenyewe.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni nyepesi kuitabiri: kama mlango haufai, mbona viwanda vyenyewe vinaufungia tairi la inchi 35, na Ford Bronco Raptor ikalifikisha inchi 37? Ni hoja nzuri, ila jibu limo ndani yake. Jeep ilipopandisha tairi hadi inchi 35 iliimarisha bawaba za mlango wa nyuma kwa ajili ya uzito huo, na kampuni hiyohiyo inawauzia wenye magari ya kawaida vipande vya kuimarisha bawaba na vishikio vya tairi kubwa. Kiwanda hakikusema mlango ule wa zamani unatosha, kiliujenga upya. Mwenye gari la tairi la inchi 31 anayefunga la 35 kwenye mlango uleule anachukua uamuzi wa kiwanda bila kuchukua chuma chake.

Hoja ya pili inatoka kwetu na ina nguvu zaidi. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kuuzwa mwaka 1984, zimebeba watalii Serengeti na Maasai Mara, wagonjwa na mashirika ya misaada kutoka Turkana hadi Kivu, na nyingi zina tairi la akiba mlangoni. Tairi lao la 7.50R16 kwenye rimu ya chuma si jepesi hata kidogo. Lakini tazama mlango unaolibeba. Nyuma pana milango miwili inayofunguka kwa pembeni, kila mmoja mwembamba kuliko mlango mmoja mpana, kwa hiyo tairi linakaa karibu na bawaba. Na mlango ni mrefu, kwa hiyo bawaba zimeachana sana. Yote mawili hupunguza mvuto kwa hesabu ileile niliyoionyesha. Tairi lenyewe ni refu na jembamba, halitokezi nje. Hata kwa ubora huo, magari ya utalii yanayobeba matairi mawili ya akiba mara nyingi huongezewa vyuma vya kuyashikilia. Uimara wa gari hili ni ushahidi kwamba mlango unaweza kubeba tairi pale tu ulipochorwa kwa ajili ya tairi hilo, na si lingine.

Hoja ya tatu, ya gharama za dawa yenyewe, ndiyo inayonipa shida. Dawa ya kweli ni kurudi kwenye wazo la FJ40: mkono wa chuma unaojitegemea, uliofungwa kwenye bampa la nyuma ambalo nalo limefungwa kwenye chesisi. Land Rover yenyewe iliwahi kuuza mkono wa namna hiyo kwa Defender, ambayo mlango wake wa aluminiamu ulijulikana kwa kupasuka. Lakini mkono na bampa huongeza makumi ya kilo nyuma kabisa ya gari, hudai springi ngumu zaidi, hugongagonga ukitengenezwa vibaya, na humlazimu mtu kufungua mara mbili ili achukue chupa ya maji. Hayo yote ni kweli. Ninachosema ni kwamba gharama hizo huonekana siku ya kununua, na za mlango hujificha mpaka siku ya safari. Kulipeleka tairi juu ya paa kunapandisha kitovu cha uzito wa gari na kumtaka mtu ainue kilo 45 juu ya kichwa chake. Kuliweka chini ya gari kunapunguza pembe ya nyuma ya kushukia kingo, na gari likizama kwenye tope hata tairi halifikiki.

Kwa magari ya mjini hali ilijimaliza yenyewe. Majaribio ya taasisi ya bima za magari nchini Marekani yalionyesha kwamba gari likirudi nyuma polepole na kugonga nguzo, tairi la mlangoni hupigwa kabla ya bampa na kuusukuma mlango na kioo ndani, na bili ya ukarabati hupaa. CR-V ililiondoa tairi mlangoni mwaka 2006, RAV4 ikalifuata mwishoni mwa 2012, na hata Land Cruiser ya 250, mrithi wa Prado, ilionyeshwa mwaka 2023 tairi likiwa chini ya sakafu.

Wanaobaki na tairi la nyuma ni wale wanaolihitaji kweli, na hao ndio wanaolikuza. Kwao ushauri wangu ni mfupi. Ukiongeza inchi moja au mbili, rekebisha mipira ya mlangoni ili tairi liikandamize lisitikisike, hakikisha taa ya breki ya juu na kamera hazijazibwa, na kagua bawaba kila unapobadilisha oili. Ukivuka hapo, usimwite fundi wa kuchomelea aje kuupa mlango viraka. Ingiza bei ya mkono wa bampa katika bei ya matairi yenyewe, na kama fedha haitoshi vyote viwili, nunua matairi madogo zaidi.