Walioshindwa Wameshika Kalamu

Historia huandikwa na mshindi. Usemi huu tumeusikia tangu shuleni na wengi wetu tumeumeza bila kutafuna. Mimi nimeishia kidato cha nne, sina cheo cha mwanahistoria, lakini leo nataka kuutafuna. Tena nitautafuna kwa kutumia kitu ambacho wazee wengi wanakiita uhuni: gemu la kompyuta.

Ndugu msomaji, twende kwanza Hispania. Kaskazini mwa nchi hiyo, karibu na mji wa leo wa Soria, palikuwa na mji ulioitwa Numancia. Watu wake waliigomea Roma kwa karibu miaka 20. Majemadari walikwenda, wakarudi na aibu. Mwaka 134 KK Roma ikamtuma Scipio Aemilianus, yule yule aliyeiteketeza Carthage mwaka 146 KK. Jamaa hakuwa na papara. Aliuzungushia mji ukuta wa kilomita 9 hivi, akaiachia njaa ifanye kazi. Mwaka 133 KK mji ukaanguka. Wapo waliojiua, na waliobaki wakauzwa utumwani.

Habari hizi tumezipata kwa nani? Mmoja wa wasimulizi ni Appian, mzaliwa wa Alexandria, aliyeandika karibu miaka 300 baadaye akiwa raia wa dola hiyo hiyo ya Roma. Mtu wa Numancia mwenyewe, aliyelala na njaa ndani ya ukuta ule, hakutuachia hata sentensi moja.

Sasa, kuna kampuni ndogo ya Kihispania ambayo jina lake linaukumbusha mji huo: Numantian Games. Desemba 2017 ilianza kuuza gemu lake, They Are Billions, likiwa bado halijakamilika. Juni 2019 likatoka kamili. Unajenga mji: nyumba, mashamba, kuta, minara. Nje kuna mazombi, maelfu kwa maelfu, nao huja kwa mawimbi. Zombi mmoja tu akipenya na kuvunja nyumba, wakazi wake nao wanageuka mazombi, wanaivamia nyumba ya pili, ya tatu, mpaka mji kwisha. Usipoziba ufa, hapa hupati hata nafasi ya kujenga ukuta. Halafu kuna sheria ngumu: huwezi kuhifadhi mchezo utakavyo ili mambo yakiharibika urudi nyuma. Makao makuu yakianguka, saa zako zote zimekwenda na maji.

Sheria hiyo ndiyo imewagawa wachezaji. Kundi moja linasema huu ni ukatili mtupu. Mtu katoka kazini amechoka, amejenga saa nzima na zaidi, pengo moja linafuta yote! Wengine huamua kunakili faili la mchezo kwa siri ili wasipoteze. Kundi la pili linajibu: bila hofu hiyo ukuta ungekuwa na maana gani? Wanalisifu gemu kwa kukuruhusu kuusimamisha muda, ukafikiri, ukatoa amri, kisha ukaendelea. Na wapo waliolipenda tangu mwanzo lakini kampeni ya 2019 ikawakata maini. Walilalamika kwamba misheni za shujaa mmoja anayetembea akiokota vitu zilikuwa za kuchosha.

Mimi nasimama na kundi la pili. Lakini jambo lililonishika zaidi ni hili: katika maoni niliyosoma, mshindi huandika kwa ufupi, "gemu kali", basi. Aliyeshindwa ndiye anayeandika kurasa. Anakueleza wimbi lilitoka upande gani, mnara upi ulikuwa haujakamilika, askari wangapi aliwapeleka pasipohitajika. Ukitaka kujua mji huangukaje, muulize yeye.

Utaniambia aliyeshindwa naye husingizia. Kweli kabisa. Wapo wanaolilaumu gemu kwa uzembe wao, maana mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini mshindi naye anaamba ngoma! Appian hakuwa malaika. Tofauti ni kwamba Numancia tumebaki na ngoma ya upande mmoja, na hapa tunazo mbili, tunaweza kuzipima.

Sisemi gemu ni sawa na vita. Hakuna aliyekufa njaa mbele ya kompyuta hizo, na mji ule hauanzishwi upya kwa kubonyeza kitufe. Ninachosema ni kwamba kushindwa kuna ushahidi wake, na ushahidi huo hupotea pale tu asipopatikana wa kuuandika.

Vijana wenzangu mnaoota kuandika riwaya, tunapenda mno kuanza na shujaa aliyeshinda. Hebu tuwasikilize na wale wa ndani ya ukuta. Tuwaulize pengo lilikuwa wapi, nani aliliona, na kwa nini hakusema. Kisha tuandike, maana wa Numancia hawakuipata nafasi hiyo.