Kisomwe Kichupa

Kule Lushoto, kama kwingine nchini, mama anayejifungua kwa upasuaji huweza kuchomwa sindano ya ganzi mgongoni. Sindano hiyo ina historia.

Mwaka 1947, hospitalini Chesterfield, Uingereza, wanaume wawili walichomwa ganzi hiyo, wakapooza miguu. Mwaka 1954 mahakama ya rufani iliwanyima fidia: hatari iliyodaiwa, ya nyufa zisizoonekana za vichupa, haikujulikana wakati ule.

Leo hatari yajulikana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilionya: dawa ya kuzuia kutoka damu, asidi ya traneksamiki, imewahi kuchomwa mgongoni kwa makosa, kwani vichupa hufanana na vya ganzi. Huleta degedege, hata kifo.

Nasema, dawa hizo zitengwe. Kichupa kisomwe kwa sauti, na mwenzako asikie. Kisingizio cha kutojua kimekwisha.