"Tumekubali, ila…": badiliko la msingi katika mauzo ya kimataifa

Muuza kahawa wa Kampala anamwandikia mnunuzi wa Hamburg: magunia 300 ya robusta, yatapakiwa Mombasa, malipo kabla ya kupakia. Kesho yake jibu linaingia: "Tumekubali. Tutalipa siku 30 baada ya kupokea mzigo." Hapo hakuna mapatano. Kwa Mkataba wa Vienna wa 1980 kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa, ambao Uganda na Ujerumani zote ni wanachama, mnunuzi huyo amelikataa pendekezo na kuleta lake, yaani pendekezo kinzani. Sasa Kampala ndiyo yenye kuamua.

Ndivyo isemavyo Ibara ya 19, lakini inaacha upenyo: nyongeza isiyogusa msingi wa masharti haivunji ukubali. Inaingia mkatabani, isipokuwa mtoa pendekezo aipinge bila kuchelewa.

Wapo wanaoandika "badiliko kubwa". Mimi nasema badiliko la msingi, maana kinachopimwa si ukubwa. Kuhamisha usuluhishi kutoka Nairobi kwenda London ni kubadili neno moja tu, na bado ni badiliko la msingi. Ibara yenyewe inataja bei, malipo, ubora na kiasi cha bidhaa, mahali na wakati wa kukabidhi, mipaka ya dhima na utatuzi wa migogoro. Ukishayatoa hayo yote, mfanyabiashara anabaki na nini cha kubadilisha? Labda maandishi ya kwenye gunia.

Tanzania haimo katika Mkataba huo, na Sheria yake ya Mikataba, kifungu cha 7, haitoi hata upenyo huo mwembamba: ukubali sharti uwe kamili, usio na masharti.

Matata huanza pale watu wanapoanza kazi kabla karatasi hazijapatana. Machi 1990 kampuni ya Chilewich ya New York iliitumia Filanto, watengeneza viatu wa Italia, hati ya makubaliano iliyopeleka migogoro kwa wasuluhishi wa Moscow. Mei, Chilewich ikaweka dhamana ya malipo benki. Hati ilirudi Agosti, imesainiwa, lakini na barua pembeni: Filanto inakubali masharti ya ufungashaji, usafirishaji na ukabidhi tu. Ugomvi ulipozuka, Filanto ikafungua kesi New York.

Kimya peke yake si ukubali. Mkataba wa Vienna unasema hivyo waziwazi. Lakini mwaka 1992 mahakama iliangalia mazoea ya wawili hao, ikaangalia na dhamana ambayo Filanto ilijua imeshawekwa, ikaona kwamba aliyetaka kupinga alipaswa kupinga mapema. Barua ya Agosti ilikuja kwa kuchelewa mno. Filanto ikaambiwa ipeleke madai yake Moscow.